Tumefika Kugeuka Kulia

Mwanangu wa kwanza alijua gwaride kabla hajajua kuandika herufi hata moja, na kwa muda mrefu mimi sikuona ubaya wowote. Alikuwa akirudi kutoka shule, anawapanga wadogo zake mbele ya nyumba, anapaza sauti, "Ahtung!" nao wanakakamaa kama miti ya uzio. Hata mbuzi alijaribu kuwapanga. Mume wangu, ambaye saa zote alikuwa barazani akisuka mkeka, alicheka mpaka ukindu ukamponyoka. Nami nikajisemea moyoni, kumbe shule ya Mdachi ina mambo.

Shule hiyo ilikuwa ya serikali. Tuliijenga wenyewe kwa amri ya jumbe, miti na udongo na paa la nyasi, mahali pekee palipokuwa tambarare katika mteremko wetu wote. Palikuwa uwanja wetu wa ngoma. Kwetu sisi watu wa milima ya Uluguru mahali tambarare ni kitu cha thamani, maana hata kiazi kikikuponyoka shambani unakwenda kukiokota mtoni. Tulipoambiwa tuutoe uwanja, tuliutoa kwa shingo upande, lakini tuliutoa.

Mwalimu wa kwanza alikuwa kijana kutoka pwani, mpole, amejifunga shuka mbili kwa baridi ya huku juu. Alianza vizuri. Watoto waliimba a, e, i, o, u kwa sauti, mpaka ngedere wakawa hawathubutu kusogelea mahindi ya karibu na shule. Kisha Bwana Shule akamwita mjini, naye hakurudi tena. Bwana Shule ndivyo tulivyomwita yule Mdachi aliyekaa Morogoro mjini na kuzisimamia shule zote za serikali za wilaya, za mlimani na za bondeni, hadi huko ambako mimi sijawahi kufika. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwona. Tulizijua amri zake tu. Amri ilisema watoto waanze masomo jua linapochomoza, kama mjini, hata kama huku kwetu wakati huo ukungu umefunga na chui bado hajarudi kulala. Amri nyingine ilisema wapumzike mwezi ambao hakuna kazi shambani, na warudi darasani mwezi ambao nguruwe wanashuka kula mahindi. Tulinung'unika, tukafuata.

Mwalimu wa pili alikuja wakati wa mvua ndogo. Alikuwa mtu mkubwa, mchangamfu, anachechemea mguu wa kushoto, na shingoni amening'iniza filimbi. Zamani alikuwa askari wa Mdachi. Watoto walimpenda tangu siku ya kwanza. Akipuliza filimbi, wanatoka vichakani mbio kama vifaranga walioona mtama. Mvua inyeshe, jua liwake, uwanja ule ulikuwa ukitikisika kwa vishindo vya miguu midogo.

Aliyegundua jambo ni kaka yangu.

Lazima nieleze kwanza kwamba kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Baba anampenda, anamlisha, anambeba mabegani, lakini neno zito linasemwa na mjomba. Basi kaka yangu alikuwa ametoka mjini kuuza tumbaku, amerudi na debe tupu la mafuta ya taa alilopewa dukani kwa Mhindi, tulifanye la kuchotea maji. Ubavuni lilikuwa na maandishi makubwa mekundu.

"Mjomba, shikamoo," mwanangu alimwamkia.

"Marahaba. Njoo hapa, msomi wangu. Hapa pameandikwa nini?"

Mtoto akalizunguka debe, akaliinamisha, akaliinua.

"Hayo bado hatujafika, mjomba."

"Mmefika wapi?"

"Tumefika kugeuka kulia."

Kaka yangu hakucheka. Alichukua kijiti, akampa, akamwambia aandike mavumbini herufi yoyote anayoijua. Mtoto akachora duara, akalitazama, akalifuta kwa unyayo. Kisha, kwa kuwa alitaka kumfurahisha mjomba wake, akasimama wima, akageuka kulia, akageuka kushoto, akapiga saluti. Aliifanya vizuri sana. Mimi nilikuwa nimeshika ungo, nikauweka chini. Mtoto huyu nilikuwa nimemwondoa kwenye ulinzi wa mahindi misimu miwili. Nguruwe wamekula, sisi tumekula nusu ya kawaida, na yeye amefika kugeuka kulia.

Kesho yake nilipokwenda kuteka maji nikawauliza wenzangu. Kila mmoja alikwenda kumjaribu mtoto wake, na jibu likawa lile lile. Tulikwenda kwa jumbe. Jumbe akasema shule si yake, ni ya akida. Akida akasema shule si yake, ni ya boma. Kaka yangu akasema, "Basi twende kwa mwenyewe."

Tulishuka alfajiri, kundi zima, wake kwa waume, tumebeba maharage na ndizi ili safari isiwe ya bure. Njia ile inafuata mto, inapita kwenye mawe yenye utelezi, na ukishuka unaanza kulisikia joto la mji kabla hujauona. Nilikuwa na furaha, nakiri. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda boma, na nilivaa kaniki mpya.

Tulikaa nje muda mrefu. Tukakuta wazazi wengine wamekaa vivyo hivyo chini ya ukuta, watu wa bondeni, wakulima wa mpunga. Mama mmoja mwembamba, mwenye ushungi wa bluu, aliniuliza tumekuja kwa lipi. Nikamweleza. Akapiga kofi kwa masikitiko.

"Nyie mna mwalimu?" aliniuliza. "Sisi tuna nyumba tu. Mwalimu wetu alihamishwa, watoto wanaambiwa wahudhurie, na asiyehudhuria baba yake anaitwa kwa akida. Wanahudhuria wanafanya nini? Wanatazamana."

"Mmeshamwambia Bwana Shule?"

"Tumekuja mpaka karani anatusalimu kwa majina."

Hatimaye tukaitwa ndani. Bwana Shule alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani, na ukutani nyuma yake ramani kubwa imechomwa pini zenye vichwa vyekundu, kila pini shule. Kiswahili alikijua vizuri, ila alikisema taratibu, neno moja moja, kama mtu anayepanga matofali.

"Baba wa mtoto ni nani?" aliuliza.

Mume wangu akasogea mbele.

"Una malalamiko gani?"

"Mimi sina neno, Bwana. Mwenye neno ni shemeji yangu."

"Shemeji yako ni baba wa mtoto?"

"Hapana, Bwana. Baba ni mimi."

"Basi sema wewe."

"Siwezi kusema, Bwana. Mtoto si wangu."

Bwana Shule akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamgeukia baba wa pili, mambo yakawa yale yale. Karani wake, mtu wa pwani, alikuwa ameinamisha uso mezani, mabega yanatetemeka kwa kicheko. Mwishowe kaka yangu akaruhusiwa kusema. Akasema kwa adabu kwamba watoto wetu hawajui herufi, na kwamba tunaomba mwalimu anayezijua.

"Shule zangu ni nyingi," alijibu Bwana Shule, akaonyesha ramani. "Walimu ni wachache. Mtoto wa mlimani lazima apate nidhamu kwanza. Herufi baadaye."

Sijui nani aliunyanyua ulimi wangu. Nikajikuta nimesema, "Baadaye ya lini, Bwana? Mwanangu alianza shule ana meno ya utoto. Sasa yameng'oka yote, mengine yameota."

Alinitazama. Hakukasirika, nadhani alishangaa tu kwamba nilikuwa pale.

"Mama," alisema, "nenda nyumbani. Uwe na subira. Mimi ninajua kazi yangu."

Tukatoka. Kaka yangu alitangulia kwa mwendo wa haraka mpaka tulipoanza kupanda mlima, na mimi nilikuwa na hasira hata nikasahau kuchoka. Kilichoniuma si kukataliwa. Kilichoniuma ni zile pini. Shule yetu ilikuwa pale ukutani, nadhifu, kichwa chekundu, na kwake yeye ilikuwa imekamilika.

Jioni ile kaka yangu akaenda kwa mwalimu mwenyewe. Sisi tulidhani anakwenda kugombana, tukamfuata. Alimkuta anakanda mguu wake kwa maji ya moto.

"Mwalimu," akamwuliza, "wewe herufi unazijua?"

Yule mtu mkubwa aliacha kukanda. Maji yalimtiririka miguuni. Kisha akasema, "Tarakimu nazijua. Herufi sizijui. Nilimwambia Bwana Shule. Akaniambia, askari hasemi sijui, utajifunza huko huko. Nitajifunza kwa nani huku, kwa kima?"

Mtu mmoja akacheka, na wote tukacheka, naye akacheka kuliko sisi, machozi yakamtoka. Tangu hapo sikuweza kumchukia tena. Alikuwa ametupwa mlimani kama sisi.

Mume wangu ndiye aliyeleta shauri. Yeye ni mtu wa maneno machache, na alikuwa ametoka bonde la pili kuja kuoa kwetu, kwa hiyo alizijua njia za huko. Alisema, "Ng'ambo ya ukingo wa mlima kuna misheni. Katekista wao anawafundisha watoto kusoma. Kila siku ya soko nakutana naye amebeba viazi."

Wengine walinuna. Kijijini kwetu wengi walikuwa wamesilimu, na waliobaki tulifuata matambiko ya mababu. Shule ya serikali tulikuwa tumeikubali hasa kwa kuwa haikutaka kutubadilisha dini. Ilibidi kaka yangu aende mwenyewe kuzungumza na katekista, na mimi nikaenda kama dada wa kubeba zawadi ya kuku.

Katekista alikuwa mtu mkavu, mzee kidogo kuliko kaka yangu, ana sauti ndogo. Alitusikiliza huku anamenya kiazi.

"Mnataka niwafundishe herufi," alisema, "bila kuwafundisha sala."

"Bila hata kupiga ishara ya msalaba," alisema kaka yangu.

"Herufi ni herufi. Sitawatia neno jingine. Lakini na mimi nina shida." Akaweka kisu chini. "Siku ya sikukuu yetu tunafanya maandamano kutoka kanisani hadi kwenye msalaba wa juu. Watoto wangu wanatembea kama mbuzi waliofunguliwa. Mwaka jana mmoja alimwangusha mwenzake, wakabingirika hadi kwenye migomba ya padri. Huyo askari wenu, anaweza kuwanyoosha?"

Kaka yangu alinitazama, mimi nikaficha uso kwa upindo wa kaniki.

"Anaweza," alisema. "Hilo tu ndilo analoliweza."

Ndivyo ilivyokuwa. Mchana, baada ya kazi zake, katekista alivuka ukingo akaja kwetu, na siku nyingine mwalimu wetu alivuka kwenda kwao, anachechemea na filimbi mfukoni, kwa kuwa alikatazwa kuipuliza karibu na kanisa. Vibao vya kuandikia vilikuwa vichache. Watoto waliandika kwa mwiba juu ya majani ya mgomba: unachora, huoni kitu, ukisubiri kidogo mstari unageuka kahawia na neno linajitokeza. Mwanangu alileta nyumbani majani hayo kila siku mpaka mume wangu akalalamika kwamba tunaishi kwenye kichaka.

Na mwalimu naye alikaa darasani. Alikaa nyuma kabisa, mguu mbovu ameunyoosha, jani la mgomba magotini. Watoto walimsahihisha bila hofu. "Mwalimu, hiyo ni b, tumbo linatazama huku." Naye akaitikia, "Ndiyo, bwana," akachora tena.

Sikukuu ya misheni ilipofika, tulikwenda kutazama, Waislamu na sisi wa matambiko, tumesimama juu ya majabali. Watoto walipanda njia ile ya mwinuko mkali wawili wawili, mikono imekunjwa, hakuna aliyemparamia mwenzake. Padri alikuwa akigeuka nyuma kila mara, haamini. Kama aliwahi kujua jinsi ilivyopatikana, mimi sikusikia.

Kisha siku moja ya mavuno ya maharage, watoto walikuwa darasani na katekista, mwalimu yuko nyuma, sisi akina mama tumekaa uwanjani tunapukuchua maganda, maana tulikuwa tumezoea kukaa pale kusikiliza. Mtoto wa jumbe akaja mbio kutoka chini. Bwana Shule anapanda! Ameacha nyumbu wake wa kupanda kwenye mawe, anakuja kwa miguu, yuko na askari na karani.

Katekista akatoka nje amepauka. Mtu wa misheni ndani ya shule ya serikali. Hatukujua ni kosa la ukubwa gani, na hatukutaka kujua. Mwalimu alikuwa anajifunga mkanda. Mimi nikamshika katekista mkono, nikamketisha kati yetu, nikamwekea ungo wa maharage mapajani.

"Pukuchua," nikamwambia.

Akapukuchua.

Bwana Shule alitokea akihema, uso mwekundu kama vichwa vya pini zake, nguo zimelowa jasho. Mwalimu akapiga saluti ambayo nadhani ilisikika bonde la pili. Watoto wakatoka, wakapangwa, wakageuka kulia, wakageuka kushoto. Bwana Shule akaitikia kwa kichwa. Kisha akatoa kitabu mfukoni, akampa mtoto wa kwanza mstarini, nadhani bila kutegemea kitu.

Mtoto akasoma. Akapewa wa pili, akasoma. Wa tatu alikuwa wangu. Ilikuwa habari ya mtu mwenye ng'ombe na mto uliofurika, na mwanangu aliisoma mpaka chini ya ukurasa, akaigeuza karatasi, akaendelea bila kuambiwa, kwa kuwa alitaka kujua kama ng'ombe amevuka. Bwana Shule ilibidi amnyang'anye kitabu taratibu.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika, "umefanyaje?"

Mwalimu wetu akakakamaa, macho mbele.

"Nidhamu kwanza, Bwana! Herufi baadaye!"

Basi uso wa yule mtu ulivyong'aa, hata nilimwonea huruma. Alitugeukia, akatuhutubia. Alisema wazazi wakiwa na subira matunda yanaonekana. Akanitambua, akanijia, akasimama mbele ya ungo wangu.

"Mama wa meno," alisema. "Sasa unaona?"

"Naona, Bwana."

Pembeni yangu katekista alikuwa anapukuchua kwa bidii, kichwa chini, maharage yanarukia nje ya ungo. Karani wa pwani alimtazama, akatazama rozari iliyochungulia kolani mwake, akaniangalia mimi. Kisha akamwambia bwana wake kwamba mvua inakuja, afadhali washuke mapema. Mbingu zilikuwa nyeupe, hakuna wingu hata moja. Wakashuka.

Walipopotea kwenye kona ya chini, uwanja mzima ulianguka kwa kicheko. Mwalimu aliketi chini pale alipokuwa amesimama. Kaka yangu, ambaye hakucheka siku ya debe, siku hiyo alicheka mpaka akashika mti.

Mambo hayakuishia hapo. Nilipokwenda soko la mjini baada ya mavuno, nilikutana na yule mama wa bondeni mwenye ushungi wa bluu. Alinijia mikono kiunoni.

"Nyie watu wa juu, mmetuletea balaa! Bwana Shule ametuletea mwalimu, kweli, lakini ana filimbi! Amesema shule ya mlimani imesoma kwa gwaride, basi shule zote zifuate. Watoto wangu wanazunguka juani kutwa nzima!"

Nilimvuta pembeni, tukakaa nyuma ya mafungu ya ndizi, nikamweleza kila kitu, tangu debe mpaka maharage. Mwanzoni alinikunjia uso. Nilipofika kwenye "Nidhamu kwanza, Bwana!" alijiegemeza begani kwangu, akacheka kwa sauti hadi wenye soko wakageuka.

"Kwetu kuna mzee wa chuo cha Kurani," alisema alipotulia. "Anasoma na herufi za Kizungu, alijifunza pwani. Sasa yeye anataka nini kwa askari?"

"Muulize," nikamwambia. "Atakuwa na shida yake."

Baadaye alinipa habari kwamba mzee alikuwa anahitaji watu wa kumchimbia kisima, na askari wao alikuwa hodari wa sululu. Tulikuwa marafiki tangu hapo. Alinipa mchele, nilimpa maharage, na kila tulipokutana tuliulizana kwanza habari za shule, ndipo za nyumbani. Bwana Shule aliendelea kukaa na ramani yake, na amri zake ziliendelea kupanda mlima. Nyingine tulizifuata, nyingine tulizizunguka. Nguruwe waliendelea kushuka mwezi ule ule, na mwalimu akawa anawapeleka watoto wote shambani kulinda, akiita hayo mazoezi ya ulinzi.

Aliyechelewa kabisa kujua kusoma ni mwalimu mwenyewe. Watoto walimpita, wadogo zao wakampita. Hakukata tamaa. Siku moja alasiri alikuja kwetu na kile kitabu cha ng'ombe, ambacho Bwana Shule alikiacha shuleni siku ile, akaomba kigoda, akakaa mbele ya mume wangu aliyekuwa anasuka. Kaka yangu alikuwepo. Mwalimu akakifungua, akaweka kidole kikubwa chini ya neno la kwanza, akaanza. Alisoma polepole, jasho likimtoka kwenye paji, ile habari ya mtu na ng'ombe. Alipofika kwenye mto akakwama, akarudi nyuma, akapita. Mume wangu alikuwa ameacha kusuka.

"Amevuka?" aliuliza, ingawa mwanangu alikwisha kutusomea mara nyingi.

"Ngoja, ngoja," alisema mwalimu. "Usinikimbize."

Nikaingia ndani kumletea togwa, nikimsikia nje akilitafuta neno linalofuata.